Fungua Boneti, Mwana wa Igogo!

Wana wa Igogo, hapa Mwanza! Baba uliyeegesha Corolla yako chini ya jabali, mama unayepeleka watoto shule kwa Carina kabla hujafungua duka, kijana uliyerithi Mark II ya marehemu mzee pamoja na madeni yake: nasema nanyi nyote, wa msikitini na wa kanisani, wa juu mlimani na wa chini kando ya barabara ya Mkuyuni. Nimekuja na neno moja, nalo ni hili: jambo gumu lina udhuru, jambo rahisi halina. Na kulitunza gari la zamani la familia ni jambo rahisi. Ukiliacha lifie mikononi mwako, utamwambia nini mwenzako? Utawaambia nini wanao watakaopanda mlima kwa miguu muhula ujao?

Tazameni magari yanayopanda na kushuka hapa kwetu. Kioo cha nyuma kimeandikwa "Mungu Mlinzi", tairi la mbele limeota nyuzi. Ubavuni pamebandikwa "Tawakali", ndani ya injini oili imegeuka lami. Rozari inaning'inia mbele ya dereva, na kwenye dashibodi taa ya cheki injini inawaka tangu mwaka juzi. Mwenye gari ameibandika plasta nyeusi ili isimsumbue usiku. Ndugu zangu, huo si uchaji wa Mungu. Huko ni kumbebesha Mungu kazi ya spana.

Waislamu wanaijua habari ya bedui na ngamia wake: alifundishwa amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Wakristo wanaijua habari ya wanawali kumi na taa zao. Angalieni jambo moja katika habari ile. Wale watano wapumbavu taa walikuwa nazo. Nia ya kwenda arusini walikuwa nayo. Walichokosa ni mafuta ya akiba, kitu kilichokuwa kikiuzwa dukani, na kwa kitu hicho kidogo mlango ukafungwa. Wangapi hapa Igogo wamefungiwa mlango na galoni moja ya oili? Gari ni amana. Aliyepewa amana haulizwi kama aliipenda, anaulizwa aliitunzaje.

Lilitengenezwa liguswe

Mna magari gani? Wengi wenu mna Toyota ya miaka ya 90 au ya mwanzo wa 2000: Corolla 110, Carina, Corona, Premio ya umbo la kwanza. Yamezeekea Japani, yakavuka bahari, na mpaka leo redio yake haivuki 90, na mengine yana dada wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha. Lakini chini ya boneti hakuna lugha ngeni. Injini nyingi ni za ukoo mmoja: 5A yenye cc 1,498, 4A yenye cc 1,587, 7A yenye cc 1,762. Fundi wa Igogo anazijua, wa Kahama anazijua, wa Bukoba anazijua. Spea zake humalizi siku nzima kuzitafuta.

Chukua spana namba 10, 12, 14 na 17. Ongeza spana ya plagi namba 16, ya nati za tairi namba 21, bisibisi ya nyota na ya bapa, na plaizi. Kwa mfuko huo mdogo utafikia karibu kila kitu nitakachokitaja leo. Mkono wa mtu mzima unapita kati ya injini na bodi. Yako magari ya kisasa ambayo ukibadilisha betri tu, lazima kompyuta iarifiwe. La kwako halina majivuno hayo. Lilitengenezwa na watu waliojua kwamba kuna siku mwenye gari atalifungua mwenyewe.

Mnataka ushahidi? Wengi mmelipa fedha gari lipimwe kwa mashine. Sasa sikieni. Katika Corolla na Carina nyingi za miaka ya 90 kuna kiboksi cha plastiki ndani ya boneti, mfuniko wake umeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue. Upande wa ndani wa mfuniko kuna ramani ya vijitundu. Tafuta TE1 na E1, hivyo viwili tu, usikosee. Gari likiwa limezimwa, viunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Kisha zungusha ufunguo taa za dashibodi ziwake, usipige starta. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka mfululizo bila kituo, kompyuta haina lalamiko. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji, au waya wake. Tatu kisha moja ni 31: sensa ya hewa inayoingia kwenye injini. Gari lako limekuwa likitaja ugonjwa wake kwa jina miaka yote hii, bure, na wewe umelibandika plasta mdomoni!

Wazee wetu wa miaka ya 80 hawakupata neema hii. Ulikuwa wakati wa uhaba. Spea hazikuonekana, na serikali ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Walikuwa na Peugeot 504, Datsun, na Volkswagen mgongo wa chura. Walifungua kabureta na kuipuliza kwa mdomo, wakasugua pointi za distributa kwa msasa, wakapima mwanya wake kwa jicho na kusali. Sisi kabureta hatuna, pointi hatuna. Kazi imepungua, uvivu umeongezeka.

Grisi iliyoshinda vita

Twendeni Kigoma kidogo. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaiita Graf von Goetzen, wakaifumua vipande vipande, wakaisafirisha mpaka Ziwa Tanganyika na kuiunganisha upya. Ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, ikatoka amri izamishwe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wahandisi wakatii. Lakini kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nzito.

Hebu tulieni hapo. Watu wanashindwa vita. Adui yuko mlangoni. Chombo chenyewe wanakipeleka chini ya maji kwa mikono yao. Na bado wanapaka grisi! Meli ile ikalala majini kwa miaka. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo ya bibi zetu mpaka karne hii. Wewe gari lako halikuzama popote. Limeegeshwa nje ya dirisha lako, na grisi umelinyima.

Au tuseme Kigoma ni mbali? Geuza uso ulitazame ziwa letu, Ziwa Viktoria. Meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, ikachoka, ikasimama mwaka 2014, ikakarabatiwa hapahapa Mwanza, na mwaka 2020 ikarudi kwenye safari ya Bukoba. Umri si ugonjwa, jamani! Chombo hakiuawi na miaka. Kinauawa na mwenyewe aliyekiona kikilia akapandisha sauti ya redio.

Tena fikirini kwa hesabu ya mfukoni. Gari la mtumba likivuka miaka minane tangu litengenezwe, serikali inalitoza ushuru wa ziada linapoingia nchini, na likivuka kumi ushuru unapanda tena. Ukiliua hili ulilonalo, kulipata jingine la namna yake si jambo la mshahara wa mwezi. Lililopo ni mali. Ulilinde.

Kazi za Jumamosi

Sasa mahubiri yanashuka mikononi. Imani bila matendo mnajua ilivyo.

Kwanza, kijiti cha oili. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Najua tambarare Igogo ni adimu. Omba uwanja wa shule au wa kanisa. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo, wala usipitilize alama ya juu. Ikiwa imepauka na ina povu jeupe, maji yameingia. Usiwashe, ita fundi. Hii ni kazi ya muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu vya mtoto, na imeokoa injini nyingi kuliko mashine zote za gereji.

Pili, kumwaga oili. Fanya kila kilomita 5,000, au kila miezi sita kama gari halitembei sana. Washa injini dakika chache oili ipate uvuguvugu, kisha zima. Nati ya sampu katika injini hizi ni namba 14. Weka beseni chini, ilegeze kwa spana, malizia kwa vidole, na mwishoni iondoe haraka mkono usiungue. Acha oili ichuruzike mpaka idondoke tone kwa tone. Itazame ile nati kwenye mwanga: matope meusi laini ni ya kawaida, ukiona vipande vya chuma vinavyometa, injini inajila yenyewe, na hapo fundi ahusike mapema kabla haijanoki.

Kisha filta. Ifungue, na hakikisha mpira wake umetoka nayo. Hapa ndipo wengi wanapoangamia: mpira wa zamani ukibaki umeganda, filta mpya ikakazwa juu yake, oili yote itamwagika njiani kabla hujafika Nyegezi. Paka mpira wa filta mpya oili safi kwa kidole, ikaze kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono! Spana haina kazi hapo, wala hasira. Rudisha nati ya sampu na washa mpya. Mimina lita tatu, pima kwa kijiti, kisha endelea kidogo kidogo. Injini ya 7A hunywa zaidi ya 5A. Washa, hakikisha taa nyekundu ya oili imezima, chungulia chini kama panavuja. Zima, subiri, pima tena. Andika kilomita kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango. Kazi yote hiyo haizidi ibada ya kwanza pamoja na matangazo.

Tatu, ea klina. Vumbi la Mwanza wakati wa kiangazi linaingia hadi kwenye sukari, sembuse kwenye injini. Boksi lake limeshikwa na vibanio unavyovifungua kwa kidole. Itoe, igongegonge, iinue uitazame dhidi ya jua. Mwanga usipopita, nunua mpya. Usiioshe kwa maji wala kwa petroli. Ni karatasi ile, si shuka.

Nne, plagi. Injini iwe ya baridi. Toa moja, ikague, irudishe, ndipo uende kwenye nyingine, usije ukachanganya waya. Moto katika injini hizi unapigwa kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukiukosea gari litatetemeka au litagoma kabisa. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya injini yenye afya. Masizi meusi makavu yanakwambia mafuta ni mengi kuliko hewa. Rudi kwenye ea klina. Ikitoka imelowa oili, mwite fundi mtazame pamoja oili hiyo inatoka wapi. Unapoirudisha, anza kwa vidole mpaka ikolee, maana kichwa cha injini ni alumini, na uzi wa alumini ukiharibika utalia.

Tano, maji. Sikilizeni vizuri hili, ni letu sisi watu wa kanda hii. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hapa kwetu maji kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi joto kama 96, hayafiki 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta si kizibo tu: unabana presha ndani, maji yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichoka, gari litachemsha mlimani hata kama rejeta ni mpya. Mfuniko ni spea ndogo na ya bei ndogo, nao unazungushwa kwa mkono, injini ikiwa imepoa.

Na hapa nawakemea mafundi maiko wanaong'oa themostati wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Uongo! Themostati inafunguka maji yakifika nyuzi kama 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiing'oa, injini inatembea ya baridi, inakunywa mafuta mengi, oili haikauki unyevu, na chuma kinalika. Ukiona geji ya joto haipandi hata baada ya kufika Buhongwa, uliza themostati yako iko mfukoni mwa nani. Tena acheni kujaza rejeta maji ya ziwa. Wekeni kulanti; maji matupu yanaleta kutu, na kutu inaziba njia.

Sita, matairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wauza matairi ya mtumba wanalipaka rangi likang'aa, lakini tarehe haipakwi rangi. Isome kabla hujatoa pesa. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Upime asubuhi tairi likiwa la baridi. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo. Kashata ikilika mpaka usawa wa vinundu hivyo imebaki milimita 1.6, na safari yake imekwisha.

Saba, betri na breki, kwa haraka. Terminali za betri zikiota unga mweupe, fungua hasi kwanza, zioshe kwa maji ya moto, kausha, paka grisi, funga chanya kwanza na hasi mwisho. Kichupa cha mafuta ya breki kitazame kila wiki: yakishuka, ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja, na vyote viwili vinataka fundi leo, si kesho. Sisi tunashuka vilima vya mawe, tena kuna watoto chini. Shuka kwa gia ndogo, usiishi juu ya pedali.

Mahali pa kuishia

Anayejua kuanza ajue na kuishia. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mvuke hauna msamaha. Usiguse nyaya za njano za mifuko ya hewa. Mkanda wa taimingi, ambao Wajapani wanaubadilisha kila kilomita 100,000, mwachie mwenye ujuzi, lakini wewe ujue ulibadilishwa lini. Kufungua mfumo wa breki na stelingi ujifunze kwanza ukisimama kando ya anayejua.

Na jeki! Jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kushikilia gari juu ya kifua cha baba wa watoto. Weka stendi za chuma, ndipo uingie chini. Mwanza mawe ni mengi, nayo yanashawishi: jiwe lake ni nyuma ya tairi lisirudi. Usiliweke kamwe chini ya bodi badala ya stendi. Jiwe linapasuka, linateleza, na msiba haungojei umalize kumwaga oili.

Fundi naye si adui. Nisieleweke vibaya, maana najua wapo mnaotafuta sababu ya kumnyima haki yake. Fundi mwaminifu anafurahi kumpata mteja anayejua kijiti kinasema nini, kwa sababu mteja huyo hamletei gari likiwa maiti na kudai ufufuo kwa bei ya panadol. Anayekuogopa ukiwa na maarifa ni yule tu aliyekuwa akiuza ujinga wako.

Oili chafu na ziwa letu

Sasa nafika mahali ambapo sitapunguza sauti. Umemwaga oili, beseni limejaa. Unaipeleka wapi? Nimewaona mnaoimwaga mtaroni, mkisubiri mvua. Igogo ni mteremko, ndugu yangu. Kila kinachomwagwa juu kinakuja chini, na chini ni ziwa. Ng'ambo ya maji, pale Capri Point, mamlaka ya maji, MWAUWASA, wanavuta maji yanayorudi kwenye bomba lako na kikombe cha mwanao. Sato wa mezani kwako amekulia humo. Dagaa wa jirani yako ametoka humo. Utasimamaje kuomba baraka juu ya chakula ulichokitia sumu mwenyewe?

Irudishe oili chafu kwenye galoni ileile uliyonunulia mpya. Ifunge, ipeleke gereji wanakoikusanya. Filta nayo igeuze ichuruzike ndani ya galoni kabla ya kuitupa. Ukimwaga kwenye udongo, weka mchanga au pumba za mbao, zoa, usiache mvua ikusafishie dhambi. Kulitunza gari kwa kulichafua ziwa ni kuhamisha deni tu kwa mtu asiyekopa.

Udhuru uletwe hapa

Mmoja anasema: sina muda. Siku gari likizimika pale daraja la Mkuyuni saa moja asubuhi, foleni nzima ikikupigia honi, muda huo utautoa wapi? Utautoa, tena kwa lazima.

Mwingine anasema: gari langu limeshakuwa mkweche. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, mtu aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, aliingia East African Safari Rally na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544. Lilikuwa gari la umbo la kifamilia, tena lililokwisha kutumika na wengine, na wakaibuka washindi. Kilichokuwa kipya ni macho ya mtu aliyejua kila nati yake. Usilitukane gari; lifungue.

Mama mmoja ananiambia: mimi ni mwanamke, hayo ni ya wanaume. Mama yangu, nati ya namba 14 haijawahi kuuliza jinsia ya mkono unaoishika. Wewe unayejua kwa harufu tu kwamba ubwabwa unataka kushika chini, utashindwa kunusa kulanti inayovuja? Wajane wangapi wameuza gari la marehemu kwa bei ya kutupa kwa sababu mtu aliwaambia "injini imekufa", kumbe ilikuwa waya wa plagi? Jifunzeni, mama zangu, na mabinti zenu washike tochi leo ili kesho washike spana.

Mwingine anasema: sina wa kunifundisha. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapa Mwanza, Nyakato. Kitabu cha mwenye gari kinapatikana. Na mtaani kwako hakosi mzee aliyeendesha Peugeot enzi za uhaba, amekaa barazani, anangoja mtu amuulize. Mpelekee chai, muulize. Maarifa yake yatazikwa naye kwa sababu ya uvivu wako.

Hakuna udhuru uliobaki. Kungekuwa na kazi ngumu, ningekuonea huruma. Kungehitajika kompyuta ya Ulaya na cheti cha chuo kikuu, ningenyamaza. Lakini umepewa gari linalofunguka kwa spana nne, linalotaja maradhi yake kwa taa, lenye spea kila mji, na bado unamlipa mtu akuchungulilie kijiti. Urahisi huu ndio utakaotushitaki.

Basi nawaita, wana wa Igogo. Jumamosi hii kabla jua halijawa kali, kila mwenye gari afungue boneti. Achomoe kijiti, asome tarehe za matairi yake manne na la akiba, atazame mafuta ya breki, abandue plasta kwenye taa ya cheki injini. Asiye na spana aazime kwa jirani. Mwenye spana asimnyime. Waiteni watoto wasimame karibu waone. Kijana mwenye gari la urithi, anza na oili, maana hilo ndilo deni la kwanza uliloachiwa. Na wewe uliyesoma hadi hapa huku ukisema moyoni kwamba utafanya mwezi ujao: inuka, chukua kitambaa, nenda kapime oili sasa hivi.